Mchezo wa Arusi ya Mama

Mchezo ule mimi ndiye niliyeuanzisha, na nilikuwa na haja moja tu: mama yangu asiolewe. Nalisema mapema ili tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa. Watu wengi wakisimulia ya zamani hujifanya walikuwa wapole. Mimi sikuwa mpole, wala sijawa.

Tulikuwa tukiishi kwenye laini, vile vibanda vya wafanyakazi, za shamba moja la chai chini ya Kericho, mwaka uliofuata ule wa nzige. Mume wangu alifanya kazi kiwandani, kule ghorofani majani mabichi yanakotandazwa ili yanyauke. Mimi nilichuna. Nilikuwa na watoto wawili na wa tatu tumboni, na vidole visivyojua kutulia. Mchunaji ndivyo alivyo: mchana kutwa vidole vinatafuta majani mawili na kichipukizi, na vikifika nyumbani vinaendelea kutafuta. Nilinyofoa nyuzi za blanketi. Nilisimama mlangoni nikanyofoa nyasi za paa letu wenyewe. Mume wangu alikuwa akisema siku moja ataamka akute hana nyusi.

Bila mama nisingeweza kwenda shambani. Alikuja kwetu kutoka upande wa ziwa baada ya shemeji yake kutaka kumrithi, naye akakataa, akasema amebatizwa na harithiwi kama jembe. Alikuja kwa miguu, chungu kichwani. Siku nilipomwona akipanda kile kilima nilikimbia kumlaki na kikapu mgongoni, majani yakimwagika, nyapara akinitukana nyuma. Baba alikuwa amekufa. Ndugu zangu walikufa wadogo. Katika dunia nzima nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja aliyenijua kabla sijajua kusema, na mtu huyo sasa alikuwa akinilelea watoto.

Shida ilikuwa moja, na kwa watu wetu ni kubwa. Mama hakai nyumba moja na mume wa binti yake. Hali chakula mbele yake, halali chini ya paa lake, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Na kule laini kila familia ilipewa kibanda kimoja cha mviringo, basi. Kwa hiyo mume wangu aliegemeza miti nyuma ya kibanda, akaezeka, tukapanga kuni upande mmoja na mama akalala upande wa pili. Kukawa na tundu la kuingilia na gunia la kuziba upepo. Tulijiona tumetenda vyema. Mume wangu alisema kuni zinakaa pale hazilowi, kwa hiyo na mama hatalowa.

Sasa, fundi. Huyu alikuwa mzee wa Kikisii, mgane wa miaka mingi, aliyepigilia masanduku ya chai yanayopelekwa stesheni ya Kipkelion. Alikuwa na misumari mdomoni tangu asubuhi hadi jioni, ndiyo maana watu walidhani ni mkimya kwa tabia. Mama alianza kwenda kwake kuomba vipande vya mbao vya kuwashia moto. Baadaye akawa anampelekea uji. Mimi nilijua mambo yamegeuka kabla hata majirani hawajaanza kunong'ona, kwa sababu siku moja niliinua kipande cha mbao nikitie jikoni nikakuta kimepigwa randa, laini pande zote. Nani hupiga randa kuni?

Nilimuuliza. Mama hakunificha. Tulikuwa tumechutama tukichambua mboga, akaniambia kwa lugha yetu, bila kuinua macho, kwamba fundi amemaliza mkataba wake, Krismasi ikipita atarudi kwake karibu na Chepilat, na amemwomba waende wote. Alisema anafikiri.

"Unafikiri nini?" nikamuuliza. "Wewe ni nyanya wa watu!"

"Ndiyo," akasema. "Na yeye ni babu."

Nikainuka, mboga zikamwagika. Nilimwambia mengi siku ile. Nilimwambia kwamba kwetu mjane huitwa mke wa kaburi, na kaburi lenyewe ni la baba yangu. Nilimwambia kwamba Wakisii na sisi tulikuwa tukiibiana ng'ombe juzi juzi tu. La kweli sikumwambia, nalo lilikuwa fupi: nilikuwa naogopa. Nani angekaa na watoto? Nani angenishika mgongo siku ya uchungu? Mama alizikusanya mboga moja moja akazirudisha kwenye ungo.

Basi nikaenda kwa mwalimu wa kanisa.

Mwalimu alikuwa kijana kutoka upande wa Londiani, suruali fupi daima imepigwa pasi, na alijivunia Kiswahili chake cha vitabu. Nilimwomba aseme neno mimbarani kuhusu wajane wanaosahau umri wao. Akakataa, akasema mimbarani hatajwi mtu. Kisha macho yakamng'aa. Kule alikosomea aliwahi kuona watu wakifanya mchezo, wanasimama mbele ya wengine na kujifanya ni watu fulani, na tangu hapo hakuwa na raha mpaka afanye wake. "Katika mchezo," akaniambia, "naweza kusema yote na hakuna atakayelalamika nimemtaja. Tutafanya siku ya Krismasi. Pasta mwenyewe atakuwapo."

Akautunga pale pale, akitembea huku na huku. Mjane na mgane, wote wazee, wanataka kuoana. Siku ya arusi binti wa mjane anaingia, anasema maneno makali, anakata kifungo cha arusi. Mjane anasema, "Mwanangu, nimekusikia." Wazee wanaachana, wanaahidi kupendana kama kaka na dada katika Bwana, watu wote wanaimba, halafu tunakwenda kula ng'ombe wa Krismasi. Niliupenda mwisho ule. Nilirudi nyumbani nikiuimba.

Ikaja shida ya wachezaji. Mwalimu aliwaendea wanawake watu wazima mmoja mmoja awaombe wawe mjane. Mmoja alisema marehemu mumewe atasikia. Mwingine alicheka mpaka akakaa chini. Mama alikuwa akipita na maji. Akatua mtungi, akasema, "Mimi nitakuwa."

Mwalimu alinitazama. Mimi nilifurahi! Nilidhani Mungu amemleta mwenyewe kwenye somo lake.

Kuhusu mgane, hakuna mwanamume aliyetaka kuonekana hadharani akibembeleza mwanamke, hata wa uongo. Fundi aliitwa kupima jukwaa. Alikuwa amepiga goti na utepe wake wa kupimia, akasikia mwalimu akilalama, akatoa misumari mdomoni. "Mimi iko," akasema, akairudisha misumari.

Na binti nikawa mimi. Nani mwingine? Maneno nilikuwa nayo tayari.

Tulijizoeza siku za Jumamosi baada ya majani kupimwa, na Jumapili baada ya ibada, mle mle kanisani. Mvua ya kule haina adabu, alasiri lazima inyeshe, na mara nyingi ilitukamata katikati. Mchezo wenyewe ulifanywa kwa Kiswahili, kwa sababu shambani tulikuwa watu wa kila lugha na hakuna aliyetaka lugha ya mwenzake itangulie. Kiswahili cha mama kilikuwa cha kuokota njiani, na kinywa chake hakikuwa na z. Cha fundi kilikuwa na r kila mahali pa l. Mwalimu alishika kichwa.

Katika sehemu ya kwanza wazee wanakaa juu ya masanduku mawili na mgane anaeleza nia yake. Mwalimu alimpa fundi maneno marefu kuhusu upweke wa Adamu. Fundi alisikiliza kwa heshima, kisha akamgeukia mama.

"Mimi nimechoka na kerere ya nyundo," akasema. "Nataka mtu ya kunyamaza na yeye."

"Hayo siyo maneno!" mwalimu akapiga kelele.

"Samahani, mwarimu. Nitasema ire yako."

Mara ya pili akasema yale yale. Na mara ya tatu. Mama akawa anatazama mikono yake mwenyewe, na mimi, nikiwa nimesimama nyuma ya blanketi lililotundikwa kuwa pazia, nikanyofoa uzi mrefu mpaka blanketi likaanza kufumuka pembeni.

Kisha zamu yangu. Mimi sikuhitaji kufundishwa. Niliingia kwa kishindo nikasema, "Mama, huna haya! Watu watasema nini? Wajukuu wako utamwachia nani?" na mengine mengi, mengine ya mwalimu na mengine ya kwangu, mpaka jasho likanitoka. Hapo mjane anatakiwa kujibu, "Mwanangu, nimekusikia." Mama alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kwa utulivu:

"Umemalisa?"

Wote waliokuwapo wakaangua kicheko. Mwalimu akamsahihisha. Tukarudia. Nikaingia kwa kishindo, nikasema yote, nikanyamaza. "Umemalisa?" Jumapili baada ya Jumapili ikawa hivyo. Watu wakaanza kuja kwenye mazoezi kwa ajili ya neno lile tu. Shambani, kati ya mistari ya chai, wachunaji wenzangu wakawa wananiuliza nikifungua mdomo kulalamikia jambo lolote, "Haya, umemalisa?" Nilikuwa karibu kuuma mtu.

Kulikuwa na mlango pia. Mwalimu alitaka mlango wa kujifanya tu ili mimi niwe na mahali pa kuingilia, matambara mawili yangetosha. Fundi akatengeneza mlango wa kweli kwa mbao za masanduku zilizokataliwa, fremu, komeo la mti na bawaba za ngozi. Ukasimama peke yake jukwaani, bila ukuta. Mama aliupenda mlango ule kupita kiasi. Mazoezi yakisimama yeye huenda kuufungua na kuufunga. Hutia komeo, huvuta kuhakikisha, hutoa komeo. Bawaba zilikuwa zikilia kwii, kwii, na kila zikilia mimi mishipa ya kichwa inanisimama.

"Mama, acha huo mlango!"

"Nauangalia tu," anasema, akiufunga.

Jumamosi moja mvua ya mawe ilitufungia ndani. Mwalimu alikuwa akikimbizana na maji yaliyovuja karibu na meza ya Bwana. Mimi nilikuwa nikizunguka, siwezi kukaa, tumbo limeanza kunilemea na miguu haitaki kusimama. Nilipogeuka nikawaona. Mazoezi yalikuwa yamekwisha zamani, lakini mama na fundi walikuwa bado wamekaa juu ya masanduku yao, bega kwa bega, wakitazama mvua kupitia ule mlango usio na ukuta. Hawakuwa wakisemezana. Walikuwa wananyamaza pamoja, vile vile fundi alivyosema anataka. Pale laini wasingeweza kukaa hivyo hata kidogo, macho ya watu yangewala. Hapa walikuwa kanisani, kwa ruhusa ya mwalimu, mbele ya binti. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilikuwa nimechimba, nikatandika mkeka, nikawakaribisha wageni.

Siku ile ile nikamwambia mwalimu tuuache mchezo. Akashangaa. Pasta amekwisha alikwa, akasema, na mwisho wenyewe utamfundisha mama yako kuliko mahubiri kumi. "Wewe kata kifungo tu," akasema. "Mengine yatajipanga."

Kifungo chenyewe, kitu cha kuwafungishia arusi, hakikuwapo. Mke wa mwalimu alikatalia pete yake, na alikuwa na haki. Fundi akasema watu wa nchi hii, Wakipsigis, hawana haja ya pete, wao hufunga majani mkononi, bwana humfunga bibi na bibi humfunga bwana. Mwalimu akapenda: majani ni rahisi kukata. Basi akamwita yule mama mzee aliyekuwa akituletea maziwa kwa kibuyu kila asubuhi. Sote tulimwita kogo, yaani nyanya kwa lugha yake.

"Kogo," mwalimu akamwambia, "siku ya Krismasi tuna mchezo wa arusi. Utuletee yale majani ya kufunga."

Kogo akatua kibuyu. "Arusi ya nani?"

"Ya hawa." Mwalimu akawaonyesha mama na fundi.

"Hawa wasee?"

"Hao hao."

Kogo akawatazama mmoja baada ya mwingine, akacheka mpaka mapambo ya masikio yakatikisika, akasema, "Musuri! Musuri sana! Nitaleta."

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na mimi nilikuwa karibu nikalisikia kwa masikio yangu nisilitambue. Mwalimu alisema mchezo kwa Kiswahili cha vitabu. Kogo alisikia kwa Kiswahili cha barabarani, na huko kucheza ni kucheza ngoma. Mchezo wa arusi kwake ilikuwa ngoma ya arusi, na penye ngoma ya arusi, arusi ipo.

Krismasi ikaamka na jua. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani, mume wangu kwa nje, kwa sababu mama mkwe alikuwa ndani. Pasta alikaa mbele. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri, fundi akasema tena habari ya kelele ya nyundo, na wanaume wa kiwandani wakapiga makofi kwa sababu walikuwa wakiijua. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wangu usio na ukuta, watu wote wananiona, najifanya sionekani.

Kogo akaingia. Hakuja peke yake, alikuja na vikongwe wenzake, wamejipaka mafuta, ngozi za kuvaa zimelainishwa, kibuyu cha maziwa mbele. Walikuwa wakiimba tangu nje. Mwalimu, nyuma ya blanketi, akasugua mikono kwa furaha, akidhani bibi huyu ameelewa sanaa. Kogo akatoa majani. Yalikuwa mabichi, marefu, yamechaguliwa, akayaita segutiet. Akamwonyesha fundi namna, fundi akamfunga mama mkononi, akafunga kama fundi, barabara. Kisha mama akamfunga fundi. Lakini kifundo cha mkono wa fundi kilikuwa kinene. Majani yakashika nusu. Kogo akasema maneno ya lugha yake, wenzake wakaitikia, akawanyunyizia maziwa. Ilikuwa zamu yangu.

Nikafungua mlango. Haukulia. Fundi alikuwa ameupaka mafuta.

Nilisema yote. "Mama, huna haya!" Nikasema ya watu, nikasema ya watoto, nikasema hata lile la mke wa kaburi ambalo mwalimu alikuwa amenikataza. Hakuna aliyecheka. Nilipomaliza, watu walikuwa wameegemea mbele wakingoja lile neno lao, wengine wameshafungua midomo. Mama alinitazama.

"Mwanangu," akasema, "nimekusikia."

Alisema sawasawa, kwa mara ya kwanza. Nilisikia mwalimu akishusha pumzi. Nikaushika mkono wa mama ili nikate majani kama mwalimu alivyoagiza, na kogo akaruka katikati yetu.

"Hapana gata! Nani nagata? Ukigata hii, nyumba nagufa!"

"Kogo, ni mchezo!" mwalimu akasema kutoka nyuma ya blanketi.

"Ndiyo! Mchesa ya arusi!" kogo akamjibu, mikono kiunoni. "Hii nafunga mutu mpaka gaburi. Kwetu hakuna gufungua."

Watu wakaanza kuguna. Pasta akasimama. Mimi nilikuwa bado nimeshika mkono wa mama, na mama hakuwa anamtazama pasta wala kogo. Alisema kwa Kiswahili. Angeweza kuniambia kwa lugha yetu yakawa yetu wawili, lakini alitaka fundi asikie, na wote.

"Mimi nimekusikia. Sasa na wewe nisikie."

Katika mchezo wa mwalimu hapo palikuwa pa wimbo.

"Kila asubuhi," mama akasema, "mimi nasikilisa mlango yako. Bwana yako atoke kwansa, aende mbali, ndiyo mimi niamke. Mvua ikipiga kuni, mimi nasimama mpaka iishe. Sisemi ni vibaya. Nyinyi ni watoto wasuri. Lakini mimi ni mtu msima." Akaugeukia ule mlango wa fundi. "Mimi nataka mlango yangu."

Huko nje dirishani nilimwona mume wangu akiondoka taratibu, kichwa chini.

Nami nilikuwa sijawahi kuhesabu hilo. Nilikuwa nimehesabu watoto wangu, mgongo wangu, kaburi la baba yangu, na midomo ya watu. Nililijua gunia la pale tundu la kuni, nililifua mimi mwenyewe, na halikunijia hata siku moja kwamba mtu aliyekuwa na boma lake anajifungia kwa gunia. Niliona uchungu, na katikati ya uchungu ule ule nikaona hasira: kwa nini hakuniambia? Lakini angeniambia saa ngapi? Nilikuwa nikisema mimi.

Halafu nikaona ule mkono wa fundi. Fundo la mama lilikuwa linafunguka. Jani moja lilishateleza, la pili linafuata, na bado kidogo yote yangeanguka sakafuni yenyewe. Hakuna ambaye angekuwa amekata. Kogo asingekuwa na wa kumlaumu, mwalimu angepata mwisho wake, na mama, nilimjua mama, angeyaokota majani akarudi kwenye kuni zake bila neno. Ningebaki naye. Nilitaka yaanguke. Mpaka leo nakumbuka jinsi nilivyotaka.

Vidole vyangu vikaenda vyenyewe. Watu wakavuta pumzi kwa hofu, wakidhani nakata, na kogo akapiga ukelele. Fundi aliona vidole vinakuja. Hakuuondoa mkono wake. Ulikuwa na harufu ya mbao. Nikayashika yale majani kabla hayajaanguka, nikayazungusha, nikayafunga kama ninavyofunga kamba ya kikapu, mafundo mawili, nikavuta. Nilivuta kwa nguvu mpaka mzee akakunja uso. Nilikuwa nimekubali, lakini sikuwa nimepoa.

Vikongwe wakapasua paa kwa vigelegele. Mwalimu alitoka nyuma ya blanketi akiwa amelishika mkononi, maana nilikuwa nimelinyofoa sana likaanguka, akasema mchezo haukuwa hivyo. Pasta alisema majani hayafungishi ndoa ya Kikristo, waje Jumapili awafungishe vizuri. Kogo alipotafsiriwa akauliza Jumapili ya nini tena, watu si wameshafungwa?

Walikwenda mwaka mpya ulipoingia, kwa mkokoteni wa ng'ombe, mlango ukiwa juu ya mizigo. Mama aliketi kando yake akiushika usiteleze. Mimi sikulia mbele yake. Nililia shambani, na nyapara akanifokea kwamba nachuna majani makubwa.

Ile miezi iliyofuata sikuwa mtu wa kukaa naye. Nilibeba watoto kwenda nao kuchuna. Mkubwa alikohoa. Nilikata kuni nikazipanga pale alipokuwa akilala, nikazipangua, nikazipanga upya. Nilikuwa nikitazama barabara ya Sotik, waliyoondokea, kana kwamba inanidai. Nilituma neno kwa kila mchuuzi aendaye upande ule kwamba siku zinakaribia. Mtoto akazaliwa mvua ya masika ikiwa imefurisha mito yote, na aliyenishika mgongo alikuwa jirani, mwanamke mwema mwenye mikono baridi.

Mama akafika baada ya hapo, ametopea matope hadi magotini, fundi nyuma yake na mbao begani. Fundi alinisalimu, akakataa maji ya kunywa, akazunguka nyuma ya kibanda. Nikasikia nyundo. Alikuwa anatia mlango kwenye banda la kuni, ili mke wake awe na pa kulala akija kwa binti yake.

Mama akaingia, mume wangu akiwa kiwandani, akaketi, akampokea mtoto mapajani. Mkononi majani yalikuwa yameshakauka na kukatika, lakini alikuwa amesuka mengine. Nami nikaanza. Nilimwambia amechelewa. Nilimwambia mtoto mkubwa alikohoa mwezi mzima akimwita yeye, na jirani ana mikono baridi, na uji wa watu wengine una madonge, na kwamba nimefunga mafundo mawili kwa mkono wangu mwenyewe lakini sikusema aende asirudi. Nilisema mpaka sauti ikanikatika. Kule nyuma nyundo ilikuwa imenyamaza, nadhani mzee naye alikuwa anasikiliza.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Akamfunika mtoto miguu. Kisha, kwa Kiswahili chetu cha kanisani, akaniuliza:

"Umemalisa?"

Nikamwambia bado.